Birere: Kushindwa kumeza si karuho, na ugonjwa hauishii kooni

Katika mtaa wa Birere, mtu akianza kukonda na chakula kumkwama kifuani, neno la kwanza la majirani ni karuho, sumu ya polepole. La pili ni jina la mtu. Kwa kawaida ni mjane, mpangaji, au mkimbizi wa vita aliyepokelewa juzi. Tangu kambi zilizozunguka Goma zivunjwe mwezi wa pili 2025, kuna familia zinazokaa kwa watu, lupangu moja, jiko moja. Shutuma moja tu inatosha kumtoa mama na watoto wake nje usiku.

Hakuna anayesema watu hawajawahi kupeana sumu. Lakini kuna ugonjwa unaofanana sana na hayo yanayosemwa. Madaktari wanauita akalasia. Neva za umio, bomba linaloshusha chakula, zinakufa polepole. Umio hausukumi tena, na mlango wake wa chini, unaopaswa kulegea mtu anapomeza, unabaki umefungwa. Bugali inakataa, hata maji yanakataa. Chakula cha jioni kinarudi usiku kwenye mto kikiwa bado kizima. Daktari Mwingereza Thomas Willis alieleza ugonjwa huu tangu karne ya 17. Ni nadra: kwa mwaka unampata mtu 1 hivi kati ya 100,000.

Kinachosahauliwa ni tumbo. Neva za umio na zile za utumbo mwembamba ni za ukoo mmoja. Mtu akiwa hajala, utumbo mwembamba hujifagia: kila saa moja na nusu hivi, wimbi la misuli linasukuma mabaki kwenda chini. Watafiti waliopima wagonjwa wa akalasia walikuta kwa baadhi yao, si wote, wimbi hilo limevurugika. Kule Amerika ya Kusini, ugonjwa wa Chagas huharibu neva hizo za umio na za utumbo, kwa hiyo mgonjwa wa koo anaulizwa pia habari za tumbo.

Hapa kwetu mambo yanaharibika baada ya matibabu. Mgonjwa anapanuliwa mlango ule kwa puto, au anapasuliwa, kazi iliyoanzishwa na Mjerumani Ernest Heller mwaka 1913. Anakula tena, familia inashangilia. Kisha tumbo linajaa gesi, linanguruma, linauma. Mara moja: sumu imerudi! Anapelekwa kutapishwa. Kama umio wake bado unabakiza chakula, kinachopanda kinaweza kuingia mapafuni, na hapo ndipo mtu anakufa kweli, halafu jirani analipa.

Madaktari nao wana deni. Mgonjwa aambiwe mapema kwamba puto na kisu vinafungua mlango tu, havirudishi neva. Tumbo linaweza kuendelea kusumbua na lina matunzo yake. Familia iliyoambiwa hivyo haitafuti mchawi.

Na asiyemeza vizuri asikae nyumbani miezi akinywa majani. Aombe kupelekwa hospitali kubwa, penye picha ya umio na kamera ya kuingiza tumboni. Bugali ikikwama kwanza, kisha uji, kisha maji, asingoje hata wiki: inaweza kuwa saratani ya umio.