Gunia lina kilo ngapi?
Mwandishi, katika makala yako umeeleza vizuri skeli ya ramani, lakini hesabu inayotuumiza hapa mpakani mwa Kenya na Uganda ni ya gunia. Nchini Kenya gunia la mahindi huhesabiwa kilo 90. Kutoka Tororo, Uganda, mara nyingi huja la kilo 100. Anayelinganisha bei bila kugawanya kwa kilo anajidanganya. Kisha mama sokoni Busia anapima kwa gorogoro, mkebe wa mahindi yanayokaribia kilo 2, na uzito wake hubadilika kwa unyevu wa punje na namna ilivyojazwa. Gunia la kilo 90 ni gorogoro 45 hivi. Kila moja ikizidi gramu 50 tu, muuzaji amepoteza kilo 2 na robo, pengine faida yake yote. Walimu wetu, tafadhali, leteni mizani na gorogoro darasani.