Muhogo Mchungu Hauna Hatia



Kiumbe asiye na miguu hawezi kumkimbia adui yake. Mmea husimama pale pale mbegu ilipoangukia, na kila mwenye meno anajua mahali pa kuukuta. Hata hivyo misitu ingali kijani, kwa maana mimea mingi imejaliwa silaha zisizoonekana: uchungu, harufu na sumu zilizomo katika majani, maganda na mizizi. Wanyama nao wanazo zao, na wengine huziazima. Huko Kenya yuko panya mmoja mkubwa, mwenye manyoya marefu, ambaye hutafuna gome la mti uleule ambao wawindaji hutengenezea sumu ya mishale, kisha hujipaka mate yake yenye sumu ubavuni. Mbwa akithubutu kumng'ata, huenda akafa. Wataalamu waliliandika jambo hilo mwaka 2011, ingawa wenyeji walikuwa wakilisema tangu zamani.

Lakini mfano ninaotaka tuutafakari leo hatuhitaji kuufuata porini. Umo jikoni mwetu.

Muhogo hauiweki sumu yake tayari. Ndani ya chembe zake hai imehifadhiwa linamarini, kitu kitulivu kinachokaa bila kuudhuru mmea wenyewe. Kando yake, katika kuta za chembe, kimewekwa kimeng'enya chenye uwezo wa kuipasua. Maadamu mzizi ni mzima, viwili hivyo havikutani. Fuko au nguruwe pori anapouma, kuta hubomoka, navyo hukutana, na hapo ndipo sianidi inapotoka. Sianidi huzizuia chembe za mwili kuitumia oksijeni, hata mnyama akakosa nguvu ilhali anapumua. Mwizi ndiye anayeiwasha silaha kwa meno yake mwenyewe.

Wapo wanaosema kwamba muhogo mchungu ungefaa kung'olewa wote, upandwe mtamu. Naiona hukumu hiyo kuwa ya haraka. Katika miaka ya 1990 watafiti walikwenda Malawi kuwauliza wakulima kwa nini wanauchagua mchungu, nao walijibu bila kusita: nyani hawaumalizi, nguruwe hawaufukui, na wezi wa kibinadamu nao huuogopa, kwa kuwa hauliki papo hapo shambani. Kwa mjane mwenye shamba kandokando ya msitu, uchungu huo ndio ukuta wa ghala lake. Atakayemnyang'anya ukuta huo amjengee kwanza mwingine.

Na mama zetu walijua kuishi nao. Huumenya, huuloweka siku tatu au nne hata ulainike, huuanika, ndipo huutwanga. Katika maji yale linamarini na kimeng'enya hukutana, kama ambavyo hukutana kinywani mwa nguruwe, ila mara hii sianidi hupotea majini na hewani kabla chakula hakijafika mezani. Ndivyo ilivyo pia kwa kisamvu: kukitwanga vizuri kinuni si kwa ajili ya ulaini peke yake.

Tabu huja siku tatu zinapokuwa moja. Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika habari za ugonjwa uliotokea katika Kongo ya Wabelgiji, ambao Wayaka waliuita konzo, yaani miguu iliyofungwa. Mtu hulala mzima, huamka miguu yote miwili imekakamaa, wala haifunguki tena maisha yake yote. Akili hubaki timamu. Wengi wa wagonjwa ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Mwaka 1981, wakati wa ukame, watu zaidi ya 1,000 walipatwa na ugonjwa huo katika jimbo la Nampula, Msumbiji. Mwaka 1985 ulitokea Tarime, hapa Tanzania, nako baada ya ukame.

Huko Bandundu, Kongo, haikuwa njaa peke yake. Barabara ya lami ya kwenda Kinshasa ilipojengwa miaka ya 1970, muhogo ukawa fedha, malori yakasubiri, na siku za kuloweka zikapunguzwa. Pia mwili unayo njia ya kuivunja sianidi, lakini kwa kazi hiyo huhitaji salfa itokayo katika maharage, samaki, nyama na mayai. Aliyeuza vyote akabaki na ugali wa muhogo na mboga kidogo hana cha kuivunjia.

Kwa hiyo sikubaliani na wale ambao, wakisikia habari hizi, huwasema akina mama kwa uzembe. Mwanamke anayejua kwamba muhogo unataka siku tatu, naye akautoa siku ya kwanza, ana watoto wanaolia, au mto uliokauka, au mnunuzi mlangoni. Mkimhubiria ajue zaidi, mnampa asichokosa. Wenye mamlaka ya kuchimba visima na kuleta mbegu za maharage ndio wa kuulizwa.

Wakati wakijibu, ipo njia iliyobuniwa na Mwaustralia Howard Bradbury, nayo haina gharama. Katika kijiji cha Kay Kalenda, huko huko Kongo, akina mama waliifuata mwaka 2010 na 2011, na katika muda huo hakupatikana mgonjwa mpya hata mmoja. Unga wa muhogo hutiwa katika beseni, ikawekwa alama ndani pale unga ulipofikia. Huongezwa maji kidogo kidogo huku ukikorogwa. Kwanza hushuka, kisha hupanda tena hadi kwenye alama ile. Ndipo hutandazwa mwembamba juu ya mkeka, saa mbili juani au saa tano kivulini, na ugali hupikwa siku hiyo hiyo.