Kabla Hujailaani Kampuni, Chomeka Waya

Jamani, nimepotea siku nyingi. Leo nimerudi, na nimekuja na aibu yangu mwenyewe.

Usiku mmoja hapa Kigamboni nilikuwa namalizia habari ambayo mhariri aliitaka kabla ya saa nne. Nabonyeza kutuma, waifai imekata. Inarudi, inakata tena. Habari ilifika saa tano na robo, ukurasa umeshafungwa na nafasi yangu imeliwa na tangazo. Asubuhi, nikiwa kwenye pantoni, niliwapigia watoa huduma nikafoka hadi abiria wakageuka. Dada wa upande wa pili akanishauri ninunue kifurushi kikubwa zaidi. Nikanunua. Wiki haikuisha, mchezo ukawa ule ule.

Kijana mmoja fundi wa mtaani akaniuliza swali moja tu: "Kaka, umeshajaribu kwa waya?"

Sikuwa nimejaribu. Tukachomeka waya kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta, mtandao ukatulia tuli. Kumbe mchawi alikuwa ndani ya nyumba! Ruta iko sebuleni nyuma ya televisheni, kompyuta iko chumbani, katikati kuta mbili za tofali. Kompyuta yenyewe nimeisukumia chini ya meza, antena zake fupi zimebanwa kati ya ukuta na kasha la chuma. Tena majirani nao wana ruta zao, zote zinapigana vikumbo kwenye masafa ya gigahezi 2.4, ambako chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11.

Dawa haikunigharimu hata mia. Ruta tuliipandisha juu ya kabati, mahali pa wazi, tukaihamishia chaneli yenye watu wachache. Kompyuta tuliivuta mbali na ukuta, tukazima ule mpangilio wa kuokoa umeme unaoilaza kadi ya waifai. Gigahezi 5 ina kasi zaidi, ila ukuta unaimaliza nguvu haraka.

Sisemi kampuni hazina makosa. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, mtandao uliyumba nchi nzima, na hapo hata ungebeba ruta kichwani isingesaidia. Ndiyo maana nasema jaribu waya kwanza. Kwa waya nako kukikata, una haki ya kufoka, tena ukiwa na ushahidi mkononi. Kukitulia, tatizo ni lako, na kifurushi kikubwa hakitoboi ukuta.

Ila na hawa wa huduma kwa wateja nao, swali alilouliza yule kijana bure mtaani, kwa nini wao hawaulizi kabla ya kutuuzia? Mteja anayelipia asichohitaji leo, kesho hatawaamini hata wakisema kweli.

Haya, wewe ruta yako umeificha wapi? Naomba kuwakilisha.