Kelele za Kijiweni

Hapa Kasokola kijiweni kuna makocha wengi kuliko wachezaji. Dogo akikosa penalti utasikia, "Mtoeni huyo, hana mguu!" Anayesema ana kitambi, na mara ya mwisho kukimbia alikuwa anafukuzwa na mbwa. Mama mmoja kaanza kuuza vitumbua pale njiani, wakamhesabia siku: "Mwezi hamalizi huyo."

Mimi jamaa hawa nawauliza kitu kimoja tu: mnamjua John Stephen Akhwari? Mzee wetu wa Mbulu. Mwaka 1968 alikwenda Mexico City kwenye marathoni ya Olimpiki. Jiji lile liko juu, zaidi ya mita 2,200, hewa yake nyepesi, pumzi inakata. Akaanguka njiani, goti likaumia vibaya. Walianza watu 75, na 18 hawakumaliza. Yeye akafungwa bandeji, akaendelea huku anachechemea. Mamo Wolde wa Ethiopia kashinda zamani, saa nzima na zaidi imepita, giza limeingia, ndiyo Akhwari anatinga uwanjani. Wa 57, wa mwisho kabisa!

Kijiwe chetu kingekuwa pale jukwaani, lo! Tungeambiwa kaitia nchi aibu. Kumbe mzee bado yumo. Mwaka 1970 kule Edinburgh, michezo ya Jumuiya ya Madola, marathoni hiyo hiyo, kashika nafasi ya tano. Saa 2 na dakika 15.

Yule mama wa vitumbua? Mwezi wa tatu huu. Na wale wale ndio wanaomkopa.