Siri ya Jirani Si Mali Yetu

Mara nyingi tukifungua programu mpya katika simu, tunaombwa ruhusa ya kusoma majina na namba zote tulizohifadhi. Tunakubali mara moja, tukidhani kwamba tunatoa vilivyo vyetu. Kumbe namba ya mama, ya jirani na ya rafiki ni yao, nao hawakuulizwa.

Je, kampuni zinazopokea amana hiyo zaweza kuaminiwa? Tutazame yaliyotokea kwa Facebook. Watu wapatao 270,000 walijibu maswali ya kupima tabia katika programu iliyounganishwa na mtandao huo. Kwa kanuni za wakati ule, programu hiyo iliweza kuchukua pia taarifa za marafiki zao. Hivyo taarifa za watu wanaokadiriwa kufikia milioni 87 zilichukuliwa, na kampuni ya Cambridge Analytica, iliyoshughulika na kampeni za uchaguzi, ikanufaika nazo. Facebook ilipata habari mwaka 2015, ikaagiza taarifa zifutwe, ikaridhika na ahadi kwamba zimefutwa. Wenyewe waliochukuliwa taarifa hawakuambiwa kitu, hata magazeti yalipofichua jambo hilo mwezi wa Machi 2018. Mwaka 2019 tume ya biashara ya Marekani iliitoza Facebook faini ya dola bilioni 5, kwa kuwa ilikuwa imevunja agizo la mwaka 2012 kuhusu siri za watumiaji wake.

Hatusemi kwamba kila kampuni ni mwizi. Twasema kwamba anayepata faida kwa kutujua hawezi kuachwa awe mlinzi pekee wa siri zetu. Ahadi yake yahitaji sheria na mkaguzi. Katiba yetu, katika kifungu cha 31, inalinda maisha ya faragha na siri ya mawasiliano. Na Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023 inatambua haki za mtu juu ya taarifa zake binafsi. Ni wajibu wetu kuzijua haki hizo na kuzidai.

Wengine watasema: «Mimi sina la kuficha.» Huenda ni kweli. Lakini katika nchi ambamo wengi wamekimbia makwao kwa sababu ya vita, picha moja yenye jina la mahali yaweza kumfichua mtu kwa yule anayemwinda. Yeye analo la kuficha, nalo ni uhai wake.

Basi tuanzie kwetu. Orodha ya wanachama wa kikundi isisambazwe ovyo. Picha ya mtoto isitumwe bila idhini ya wazazi wake. Programu isiyohitaji namba za wenzetu inyimwe ruhusa ya kuzisoma. Tutaidai kampuni uaminifu kwa haki, ikiwa sisi wenyewe tumekwisha kuwa waaminifu kwa siri tulizokabidhiwa.