Walikale: mtoto anayetumwa sigara moja

Katika vijiji vyetu, wengi huanza kuvuta sigara kabla ya kujua kwamba wameanza. Baba mdogo au mjomba amekaa nje ya nyumba, anamwita mtoto: "Nenda jikoni uniwashie." Mtoto anaigusisha sigara kwenye kaa la moto. Haiwaki yenyewe, kwa hiyo anaivuta mara moja, mara mbili, kisha anamletea mkubwa wake. Hajafanya kosa lolote, ametii tu. Miaka michache baadaye kijana huyo yuko kwenye machimbo, anabeba gunia la kasiterite, na sigara sasa anajinunulia mwenyewe.

Anainunua moja moja, na hapo ndipo penye shida. Kwenye meza ya butiki, pakiti iliyofunguliwa iko kando ya pipi na biskuti. Mwenye pesa kidogo, hata akiwa wa miaka kumi na miwili, anapata yake. Onyo la afya lililoandikwa kwenye pakiti linabaki kwa muuzaji. Mtoto haoni hata herufi moja ya onyo hilo, na kama angeliona, limeandikwa kwa Kifaransa.

Sheria si kwamba haiko. Kongo iliuthibitisha mkataba wa OMS kuhusu kudhibiti tumbaku mwaka 2005. Kifungu cha 16 kinazitaka nchi kuzuia tumbaku isiuzwe kwa watoto, na kujitahidi kukomesha uuzaji wa sigara moja moja. Jirani yetu Uganda alipiga hatua kwa sheria yake ya 2015: asiye na miaka 21 hauziwi, sigara moja moja haiuzwi, na chicha na sigara za umeme zimekatazwa. Huku kwetu, kati ya saini ya Kinshasa na soko la Njingala kuna barabara ndefu, na wote wanajua hali ya barabara hiyo.

Wako watakaosema huu si wakati wake. Machi 2025 M23 iliingia Walikale-centre, raiya wakakimbilia msituni, na waasi waliondoka mwanzoni mwa Aprili. Kwa mama ambaye nyumba yake imeporwa, habari ya sigara inaweza kuonekana ni ya watu wa mjini. Lakini moshi haungoji amani. Kongo ni moja ya nchi zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu duniani, na mvutaji yuko katika hatari kubwa zaidi ya kukipata na kufa nacho. Mwongezee vumbi la shimoni na kulala wengi katika chumba kimoja. Vita vyenyewe pia vinaiita sigara: inanyamazisha njaa, inamweka macho anayelinda usiku. Kijana akiisha kuizoea, hata utulivu ukirudi, yeye ataendelea kudai.

Sigara ya umeme, vape, inaonekana zaidi Goma na Bukavu kuliko huku ambako umeme wenyewe ni shida. Lakini vijana wanasafiri, na bidhaa pia. Ile harufu yake ya matunda inawadanganya wengi kwamba ni mvuke tu. Nyingi zina nikotini, ile ile inayofunga mvutaji wa sigara, nayo inaharibu ubongo ambao bado unakua.

Lipo jambo moja la kuogopa. Katazo lolote likikabidhiwa wenye bunduki, kesho litakuwa kizuizi kingine barabarani, na mama muuza butiki atalipa faini isiyo na risiti. Kwa hiyo afadhali kazi hii ishikwe na kamati za masoko na machifu wa vijiji: pakiti isifunguliwe mezani, mtoto asiuziwe, hata akisema ametumwa. Anayekaidi apoteze nafasi yake sokoni kwa wiki moja. Wakuu wa vyama vya wachimbaji nao wanaweza kuweka kanuni hiyo hiyo kwenye machimbo.

Makanisa yamekemea sigara miaka mingi. Ila mara nyingi mvutaji anatengwa tu, naye anakwenda kuvuta mahali pengine. Mchungaji anayemfuata nyumbani na kumuuliza amefikia ngapi kwa siku angemsaidia zaidi. Na katika kanda za afya za Walikale, Kibua, Itebero na Pinga, muuguzi anayempokea mgonjwa wa kikohozi anaweza kumuuliza swali hilo hilo. Halihitaji dawa wala ndege ya msaada.

Tarehe 31 Mei ni siku ya dunia bila tumbaku. Radio za jamii zinaweza kuitumia kuongea na wazazi, kwa Kiswahili na Kinyanga, kuhusu jambo lililo mikononi mwao leo jioni: mkubwa anayetaka sigara ainuke, aende jikoni aiwashe mwenyewe.