Mchumia juani asiishie kulia kivulini

KILA muhula unapoanza, miongoni mwa methali ninazopenda kuwafundishia wanafunzi wangu ni ile isemayo, 'Mchumia juani hulia kivulini'. Huwauliza neno 'hulia' lina maana gani. Walio wengi hunijibu kwamba ni kula: aliyetokwa na jasho juani atakula matunda ya jasho lake akiwa ameketi kivulini. Jibu hilo ni sahihi. Hata hivyo, hapakosi mwanafunzi mmoja mtundu ambaye huinua mkono na kusema kwamba 'hulia' ni kutoa machozi. Darasa zima huangua kicheko, nami hucheka pamoja nao. Mwaka huu sikucheka.

Mdogo wangu ni mchuuzi wa nguo za mitumba katika soko la Gikomba, jijini Nairobi. Kwa miaka 11 amekuwa akiamka saa tisa za usiku ili awahi mitumba inapofunguliwa kabla ya mapambazuko. Hurudi nyumbani saa tatu usiku, na hata hapo kazi haikomi kwa maana simu humfuata hadi kitandani: mteja anaulizia bei, mwuzaji wa jumla anadai chake, mkopo wa simu nao unamkumbusha kwamba siku zimekwisha. Jumapili moja niliwatembelea. Bintiye wa miaka sita akamwuliza mamaye, "Leo baba atalala hapa kwetu?" Tulicheka, lakini mwenye nyumba aliinamisha kichwa.

Haukupita muda mrefu, mambo yakaanza kwenda mrama. Aligombana na wateja aliowauzia kwa miaka mingi. Alituma shilingi 38,000 kwa nambari isiyo yake, na fedha hizo hakuziona tena. Hatimaye alianguka kibandani asubuhi moja. Alipopimwa, ilibainika kwamba shinikizo la damu yake lilikuwa juu mno, wala hakuwa na habari. Ana umri wa miaka 39.

Kisa hiki si cha ndugu yangu peke yake. Takwimu za serikali zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba, ukiacha kilimo cha wadogo wadogo, zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi nchini wamo katika sekta tuliyoipa jina la jua kali. Jina lenyewe linatosha kutukumbusha ile methali. Mafundi, mama mboga, wenye maduka, mawakala wa fedha za simu na vijana wenye kampuni changa, wote wanachumia juani. Swali ni kama wamejitengea kivuli.

Aliyeajiriwa ametengewa kivuli chake na sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, pamoja na likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka, yenye malipo kamili. Aliyejiajiri, kwa upande wake, ni mwajiri na mwajiriwa katika mwili mmoja. Aghalabu mwajiri huyo ni mkatili kuliko bosi yeyote tunayemlaani. Angalikuwa mtu mwingine, tungalikwisha kumshtaki.

Wataalamu nao wamelichunguza jambo hili. Mnamo 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger wa Marekani aliandika kuhusu watu wanaoishiwa nguvu kabisa kwa sababu ya kazi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hali hiyo si ugonjwa, bali ni tokeo la msongo wa kazi wa muda mrefu usiodhibitiwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia au kuidharau kazi uliyokuwa ukiipenda, na kuzorota kwa utendaji. Msomaji atatambua kwamba ndugu yangu alikuwa nazo zote. Mwaka 2021 shirika hilo, pamoja na Shirika la Kazi Duniani, lilitangaza kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupatwa na kiharusi iliyo kubwa kwa asilimia 35 kuliko ya anayefanya kazi saa 35 hadi 40. Ndugu yangu alikuwa akizipita saa 55 kabla ya Ijumaa kufika.

Najua nitaulizwa: mhadhiri anayesubiri mshahara mwisho wa mwezi anajua nini kuhusu kodi ya kibanda? Hilo ni swali la haki. Kodi hailali, karo hailali, na riba ya mkopo ndiyo isiyolala kabisa. Lakini hebu tufanye hesabu kama wafanyabiashara. Zile shilingi 38,000 zilipotea kwa sababu ya macho yaliyojaa usingizi, na kwa kauli yake mwenyewe, ni zaidi ya faida ya Jumapili zake kumi. Wateja waliokimbia hasira zake hatujawahesabu, wala gharama ya dawa atakazomeza kila siku. Anayedhani kwamba mapumziko ni ghali hajapata kulipia ukosefu wake.

Isitoshe, simshauri mtu aende kujistarehesha hotelini Diani. Kujitunza ninakokusema ni kwa kila siku, na gharama yake ni ndogo. Ni kulala saa saba kila usiku, au kukaribia hapo kadiri iwezekanavyo. Ni kula chakula cha mchana ukiwa umeketi, si kumeza andazi huku ukihesabu chenji. Ni kushuka matatu kituo kimoja kabla ya chako na kutembea, kwani nusu saa ya kutembea kwa haraka siku tano kwa wiki inatimiza zile dakika 150 ambazo wataalamu wa afya wanazipendekeza. Ni kuwa na saa maalumu ya kuifunga simu ya biashara jinsi mababu zetu walivyofunga mlango wa duka. Ni kupima shinikizo la damu hata kama hujisikii vibaya, kwa maana maradhi hayo hayabishi hodi. Zaidi ya yote, ni kumwamini jirani wa kibanda au msaidizi akushikie kazi siku moja kwa wiki, nawe umshikie siku yake.

Serikali za kaunti nazo zisijitoe lawamani. Mama anayejinyima maji ya kunywa kutwa kwa sababu soko halina choo safi hawezi kuambiwa kwamba hajui kujitunza. Maji, vyoo na paa la kivuli ni haki ya anayelipa ushuru kila asubuhi.

Neno letu 'pumzika' lina nasaba moja na 'pumzi' na 'pumua'. Kupumzika, kwa wazee waliotuachia lugha hii, si uvivu wala anasa, bali ni kuirudisha pumzi. Na asiye na pumzi hana biashara.

Siku hizi ndugu yangu hafungui kibanda Jumapili. Mauzo yamepungua kidogo, hilo hakunificha. Lakini hajatuma tena fedha kusikostahili, na bintiye hamwulizi mtu tena baba atalala wapi. Muhula ujao, yule mwanafunzi mtundu atakapoinua mkono, nitaliambia darasa kwamba majibu yote mawili ni sahihi. Kila mchumaji atakuja kulia kivulini. Kama atalia chakula au atalia machozi, hilo huamuliwa kungali mapema, yeye angali juani.